Kutoka Likoni hadi Uhuru Gardens: siku za ndege za kijeshi na foleni ya Lang'ata Road

Alhamisi

Treni ya asubuhi iliondoka Miritini, Mombasa, saa mbili, nami nilikuwa nimeketi karibu na dirisha pamoja na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye amemaliza kidato cha nne na anangoja kujiunga na chuo. Azma yake ni kusomea uhandisi wa ndege. Kabla sijastaafu nilifundisha fizikia Likoni kwa miaka mingi, na kila aliponiuliza jinsi chombo kizito kinavyoweza kukaa hewani nilimjibu kwa chaki na ubao, jambo ambalo halimtoshi kijana mwenye macho na masikio yake. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba ndege za kijeshi zingeonyeshwa Uhuru Gardens, Nairobi, mwishoni mwa Mei, sikusita kukata tiketi.

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Watu waliowahi kuhudhuria maonyesho ya namna hii walinisimulia mambo mawili, na kila mara kwa mfuatano uleule: kwanza uzuri wa ndege, kisha ubaya wa barabara. Mmoja alikaa garini muda mrefu kuliko alivyokaa uwanjani. Mwingine alizisikia ndege zote akiwa bado kwenye foleni na hakuona hata moja vizuri. Nilitaka kujua kwa nini hali huwa hivyo, kwa sababu sikubali kwamba msongamano ni majaliwa.

Baada ya Voi nilimweleza kijana kwamba reli inatupandisha kutoka usawa wa bahari hadi takriban mita 1,600 kule Syokimau, na kwamba hewa tutakayoikuta ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Bawa hupata nguvu ya kuinua kutokana na hewa linayopita ndani yake, na injini nayo hupumua hewa hiyohiyo. Hewa ikipungua, ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia na hukata kona kwa upana zaidi. Rubani anayecheza na ndege juu ya Nairobi ana kazi ngumu kuliko yule anayefanya hayohayo juu ya bahari. Aliandika hayo kwenye daftari lake, na ndovu wa Tsavo waliojipaka udongo mwekundu walipita dirishani bila yeye kuwaona.

Kutoka Syokimau tulipanda treni ya mjini, na kutoka steji ya Railways tulipanda matatu ya Rongai, anakoishi mdogo wangu. Tulifika usiku, tukala, tukalala.

Ijumaa

Mdogo wangu ni dereva wa matatu katika njia ya 125, inayounganisha Rongai na katikati ya jiji. Ameendesha gari katika barabara hiyo tangu kabla ya Southern Bypass kufunguliwa, na hakuna tuta wala kivuko cha miguu asichokijua. Tuliondoka naye alfajiri, na njiani alinipa somo ambalo sijalipata katika kitabu chochote.

“Kaka,” aliniambia, “watu husema jamu ya Lang'ata inaletwa na wingi wa magari. Wingi upo kila siku. Siku za sherehe kinachobadilika ni kwamba wote wanataka kufika saa ileile, halafu wanataka kuingia kwa mlango uleule.”

Aliendelea kueleza. Lang'ata Road hupokea watu wa Rongai na Kiserian wanaoteremka kwa Magadi Road hadi Bomas, huwapokea wa Karen, na huwapokea wa mitaa yote ya Lang'ata yenyewe, kisha hupita kando ya Uhuru Gardens na uwanja wa ndege wa Wilson kabla ya kukutana na Mbagathi Way na kuteremka hadi Nyayo Stadium. Southern Bypass, iliyojengwa ili kuwaepusha watu na katikati ya jiji, inakutana nayo karibu na palepale maonyesho yanapofanyika. Kwa hiyo mtu anayetoka Mombasa Road kwa gari, anayetoka Kikuyu na anayetoka Rongai, wote wanafikishwa kwenye makutano mamoja. Mahali hapo panafikika kwa urahisi kutoka kila upande, na urahisi huohuo ndio unaopaponza.

Tulishuka Wilson tukatembea polepole. Uwanja huu una historia inayostahili kuelezwa kijana. Florence Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929, enzi ambayo safari ya angani ilikuwa ya wachache mno, na leo jina lake limebaki kwenye uwanja ambao ndege ndogo huondokea kwenda Maasai Mara, Lamu na kaskazini ya nchi, na ambao madaktari warukao wa AMREF hutumia kuwafikia wagonjwa wa mbali. Maana yake ni kwamba anga la hapa halikai bure. Ili ndege za kijeshi zipate nafasi ya kuonyesha uwezo wao, marubani wengine hutangaziwa saa ambazo anga litafungwa, nazo ratiba za safari hupangwa upya. Angani, kila chombo kinajua zamu yake kabla injini haijawashwa. Nilisimama pale nikajiuliza kwa nini chini, mita chache kutoka kwenye uzio, tusiwe na mpango wa namna hiyo.

Kabla ya adhuhuri tuliona mazoezi. Helikopta zilipita kwa mpangilio, zikageuka upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na kurudi. Jambo lililonitia wasiwasi halikuwa juu. Kwenye Southern Bypass, ambako magari hukimbia sana, madereva walikuwa wanapunguza mwendo ghafla, wengine wakisimama kando na kufungua milango ili wapige picha. Bodaboda mmoja alisimama kabisa katika njia ya kulia na abiria wake akainua simu. Lori lililokuwa nyuma yao lilipiga breki kwa kishindo, matairi yakaacha alama nyeusi kwenye lami. Hapakuwa na aliyeumia. Mpwa wangu alinishika mkono na kusema, “Mjomba, hawa hawajakuja kwenye maonyesho, lakini wamo ndani yake.” Nilimwambia aandike sentensi hiyo.

Jumamosi, asubuhi

Tuliamka saa kumi na moja. Shemeji yangu alitufungia chapati na mayai ya kuchemsha, akasisitiza tubebe maji mengi na kofia, kwa kuwa jua la Nairobi huchoma hata siku ya baridi. Kufikia saa moja matatu ya mdogo wangu ilikuwa imejaa, na nilipowatazama abiria nilitambua kwamba zaidi ya nusu walikuwa wanakwenda kulekule. Kulikuwa na watoto waliovaa nguo za Jumapili, baba aliyebeba kiti cha kukunja, na wasichana wa shule ya upili waliokuwa wakibishana kwa dhati kama mwanamke anaweza kuendesha ndege ya kivita. Niliwaambia kwamba anaweza.

Hadi Bomas tulikwenda vizuri. Baada ya hapo mwendo ulipungua, na tulipolipita lango la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ulikuwa umefikia hatua za miguu. Mbele yetu taa nyekundu za breki zilienda hadi macho yalipokomea. Mdogo wangu alizima injini, akaiwasha, akaizima tena. Watu walianza kuulizana kama barabara imefungwa. Kondakta aliteremka, akatembea mbele na kurudi na habari kwamba hakuna ajali, hakuna kizuizi, ni foleni ya kuingia tu.

Nyuma yetu ikasikika king'ora cha gari la wagonjwa. Sehemu hii ndiyo inayoniuma ninapoiandika. Madereva walijitahidi. Mdogo wangu alipandisha magurudumu ya kushoto kwenye ukingo, wa mbele yake akafanya vivyo hivyo, lakini mbele zaidi magari yalikuwa yamejipanga safu tatu mahali pa safu mbili, na hapakuwa na inchi ya kusogea. Nilimwona mwanamke ndani ya gari lile akiwa ameshika chupa ya dripu juu kwa mkono wake, akiubadilisha mkono kila ulipochoka. Walikaa karibu nasi kwa muda ambao sikupenda kuupima. Hatimaye askari wa trafiki alitokea kwa miguu, akawapitisha upande wa magari yanayokuja, naye akikimbia mbele yao na kupunga mikono. Ninamshukuru askari huyo. Lakini mgonjwa yule hakuwa na haja na ndege, wala hakununua tiketi, na foleni yetu ilimpokonya dakika zake.

Karibu na makaburi ya Lang'ata mdogo wangu alitushauri tushuke tutembee. Tukashuka, na pamoja nasi karibu matatu nzima. Kwa miguu tuliyapita mamia ya magari yaliyosimama, mengi yakiwa na mtu mmoja au wawili ndani. Wachuuzi walikuwa wamekwishafika, wakiuza njugu, smoki na kofia za rangi ya jeshi katikati ya safu za magari, na biashara yao ilikuwa inakwenda vizuri kuliko barabara.

Nilipofika mahali magari yanapoingilia nilisimama kando na saa yangu, kwa sababu hilo ndilo nililolijia. Kila gari lilisimamishwa, tiketi ikatazamwa kwenye simu, kioo kikapitishwa chini ya gari, buti ikafunguliwa na kufungwa. Ukaguzi huo ni wa lazima na waliokuwa wakiufanya walikuwa na adabu na bidii. Ulichukua takriban nusu dakika kwa gari moja. Sasa tufanye hesabu. Nusu dakika kwa gari ni magari 120 kwa saa katika mstari mmoja. Barabara ambayo magari yanafuatana kwa nafasi ya sekunde mbili hupitisha magari 1,800 kwa saa katika mstari mmoja. Lango lenye mistari miwili ya ukaguzi haliwezi hata kidogo kumeza kinacholetwa na barabara kama hiyo, na kila gari lisilomezwa hubaki barabarani. Wala haisaidii kupanua barabara. Hata ikiwa na njia kumi, lango litaendelea kupitisha magari yaleyale. Dawa ni kuuondoa ukaguzi kwenye mdomo wa barabara kuu na kuupeleka ndani, au kuongeza mistari yake, au kupunguza idadi ya magari yanayofika pale, na dawa hii ya tatu ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Tuliingia kwa lango la miguu. Tulipoihesabu safari nzima kutoka Rongai, ambayo haifiki kilomita 20, ilikuwa imetumia zaidi ya saa mbili.

Jumamosi, mchana

Uhuru Gardens ni ardhi yenye uzito. Hapa ndipo bendera ya Uingereza ilipoteremshwa na ya Kenya kupandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, na mtu anayekanyaga nyasi zake akiwa na kijana wa miaka kumi na minane hawezi kupita bila kusema hivyo. Jeshi la Wanahewa la Kenya lenyewe liliundwa muda mfupi baadaye, tarehe 1 Juni 1964.

Kwenye nyasi palikuwa na helikopta zilizoegeshwa, na mpwa wangu alikwenda moja kwa moja kwenye Huey. Aliinama chini ya mkia wake, akapitisha kidole juu ya safu ya ribiti, akahesabu kwa midomo. Vichwa vya ribiti vilikuwa vimepakwa rangi mara nyingi kiasi kwamba vingine vilionekana kama uvimbe mdogo tu chini ya ngozi ya chuma, na karibu na kishimo cha kutolea moshi rangi ilikuwa imebadilika kutoka kijani hadi kahawia kwa joto. Mwanajeshi kijana aliyesimama hapo hakumfukuza. Alimwonyesha jinsi pangaboi la juu lilivyo na mabapa mawili tu, mapana, na akamweleza kwamba ndiyo maana helikopta hii husikika ikipiga makofi angani kutoka mbali, ilhali zenye mabapa mengi huvuma. Mazungumzo yao yalidumu kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku. Kama dada yangu angeniuliza fedha za safari zimekwenda wapi, ningemwonyesha dakika hizo.

Kivulini nilikaa kando ya mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye aliingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya sabini akiwa fundi wa injini katika kambi ya Eastleigh. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunisogezea nafasi. Alizitaja ndege za zamani kama mtu anayetaja wanafunzi wenzake: Chipmunk za mafunzo ambazo jeshi lilianza nazo, Beaver na Caribou za kubebea watu na mizigo, kisha jeti za kijeshi: Strikemaster, Hunter zilizokuja mwaka 1974, F-5 mwaka 1978, na Hawk mwaka 1980. Kuhusu tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili ya jaribio la mapinduzi, alisema tu kwamba lilivunja mioyo ya mafundi wengi ambao hawakujua lolote. Jeshi la Wanahewa, ambalo baadhi ya askari wake walihusika, lilivunjwa na kuundwa upya, na jina lake la asili halikurudishwa hadi mwaka 1994.

Ndipo tangazo likatolewa kuhusu F-5, na watu wote wakasimama. Nilimwambia kijana asiufuate mlio kwa macho, atazame mbele ya mlio. Sauti hutumia karibu sekunde tatu kufika kutoka umbali wa kilomita moja, na ndege iendayo kilomita 800 kwa saa husogea zaidi ya mita 600 katika muda huo. Wengi karibu nasi walitazama mahali mlio ulipotoka na kukuta anga tupu. Yeye aliikuta. Ilipita upande wa kulia, ndogo kuliko alivyotarajia, mabawa mafupi mno, kisha ngurumo ikatufikia kifuani kabla haijawa sauti masikioni. Dakika moja baadaye upepo ulileta harufu. “Mjomba, mafuta ya taa!” alisema, na alikuwa sahihi, maana mafuta ya injini za jeti ni ya ukoo huohuo. Makao ya ndege hizo ni Laikipia, karibu na Nanyuki. Umbali wa angani kutoka huko ni kama kilomita 150, ambao jeti inayokwenda kilomita 900 kwa saa huumaliza kwa dakika kumi. Nilizikumbuka saa zetu za Lang'ata Road na sikuweza kukubali kwamba jambo la kwanza linawezekana na la pili halina ufumbuzi.

Ikaja ndege ya mizigo ya C-27J Spartan, iliyoundwa Italia, ikionyesha jinsi inavyoweza kwenda polepole na kugeuka mahali padogo licha ya ukubwa wake. Wakaja askari wa miavuli, mmoja akiteremka na bendera, na umati ukanyamaza hadi miguu yake ilipogusa nyasi, kisha ukalipuka kwa vigelegele.

Mzee alikuwa ametazama yote hayo bila kupiga makofi, macho yake yakirudi kila mara upande wa barabara. Nilimwuliza anaangalia nini. “Mwalimu,” alisema, “mimi natazama wale walio nje ya uzio.” Nami nilikuwa nikifikiria jambo hilohilo tangu alipoitaja Hunter. Tarehe 22 Agosti 2015, katika maonyesho ya Shoreham nchini Uingereza, Hunter moja iliyokuwa ikifanya mzunguko wa wima haikupata kimo cha kutosha na ikaanguka kwenye barabara kuu ya A27 nje ya uwanja. Watu 11 walikufa, na wote walikuwa barabarani au kandokando yake, si ndani ya maonyesho. Miaka mingi kabla, tarehe 28 Agosti 1988 huko Ramstein, Ujerumani, ndege tatu ziligongana na moja ikaangukia watazamaji, wakafa watu 70. Baada ya maafa hayo nchi nyingi zilikaza kanuni: michezo ifanywe sambamba na umati, si kuelekea umati, na kuwe na mstari ambao rubani haruhusiwi kuuvuka. Kanuni hizo zinamlinda mtu mwenye tiketi. Aliyesimama barabarani kwa sababu foleni imemshika, au kwa sababu ameona ndege na kusimamisha gari, yuko nje ya mahali palipopimwa kwa ajili ya usalama wake. Ndiyo maana nasema foleni ya maonyesho ya ndege haifanani na foleni ya mechi ya mpira. Gari lililokwama nje ya Nyayo Stadium linapoteza muda. Gari lililokwama chini ya njia ya ndege zinazocheza limewekwa mahali ambapo halikupaswa kuwa.

Jumamosi, jioni

Onyesho la mwisho lilipomalizika watu wote waligeuka kwa pamoja. Asubuhi umati ulifika kwa saa kadhaa, jioni ulitaka kuondoka kwa dakika chache. Kwenye maegesho madereva waliwasha injini na kuelekeza pua za magari kwenye njia moja kutoka pande zote, hata yule aliyekuwa na haki ya kupita hakuweza. Watoto walianza kulia. Mama mmoja alikuwa amempoteza mwanawe, akapatikana baadaye akiwa mabegani mwa mwanajeshi, lakini dakika zile nisingemtakia mzazi yeyote. Simu zilikuwa hazishiki kwa sababu ya wingi wa watu.

Sisi wa Likoni tunalifahamu jambo hili kwa undani wa uchungu. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na roho 272 zikapotea. Ndiyo maana kule kwetu abiria hawaachiwi wafike kwenye maji kwa mkupuo. Wanazuiliwa bandani, lango linafungwa, na linafunguliwa tu kivuko kikiwa tupu na tayari. Anayengoja hukaa chini ya paa, na anayetembea hutembea bila kusukumwa. Umati wa Uhuru Gardens ungeweza kutolewa vivyo hivyo, eneo moja baada ya jingine, na waliobaki wangekuwa na muziki, chakula na helikopta za kutazama.

Mzee alifanya hivyo kwa hiari yake. Hakuinuka kwenye kivuli hadi giza lilipokaribia, nasi tukakaa naye, kijana akiuliza kuhusu injini na yeye akijibu kwa kuchora kwa fimbo ardhini. Tulipotoka tulitembea hadi upande wa Wilson na kupata matatu saa mbili usiku. Barabara ilikuwa imefunguka. Wapo waliotoka kabla yetu kwa saa mbili ambao tuliwakuta karibu na Bomas.

Jumapili

Mdogo wangu hakwenda kazini. Baada ya kanisa alitandaza karatasi mezani, akachora barabara zote, nasi tukaandika barua kwa wasimamizi wa maonyesho, kwa heshima na kwa shukrani, kwa sababu tulichokiona angani kilistahili shukrani.

Tulipendekeza tiketi ya gari iwe ghali kuliko ya mtu anayekuja kwa matatu, na iandikwe saa ya kuingia ili watu wasifike wote kwa wakati mmoja. Mdogo wangu anaamini kwamba saccos, yaani vyama vya matatu, za Rongai, Ngong na Lang'ata zingekubali kuleta watu kutoka Bomas na Nyayo Stadium kwa nauli iliyotangazwa mapema, mradi wapewe njia yao wenyewe na steji ya kushushia isiyozibwa. “Matatu moja ni watu thelathini na tatu,” alisema. “Hao wakija na magari yao ni karibu robo kilomita ya foleni.” Nilipima kwenye karatasi. Ukikadiria watu wawili kwa gari na mita saba kwa kila gari pamoja na nafasi yake, inapita mita 110, na ukikadiria mtu mmoja kwa gari inafika mita 230. Niliandika zote mbili, na chini yake nikaeleza kwamba hata ile ndogo ni hoja tosha.

Tuliomba ukaguzi wa magari usogezwe mbali na Lang'ata Road, njia moja iachwe wazi kwa magari ya wagonjwa kuanzia alfajiri hadi usiku, na saa zote za ndege kucheza pawe na askari kwenye Southern Bypass wa kuhakikisha hakuna anayesimama. Tuliomba pia redio zitangaze saa hizo siku chache kabla, ili asiye na haja ya kupita Lang'ata apite Ngong Road.

Mpwa wangu alisoma barua yote, akaomba kalamu, akaongeza aya moja kwa mwandiko wake: lango la waendao kwa miguu liwekwe mbali na la magari na lipate kivuli na maji, kwa kuwa vijana wengi watakaokuja kuchagua kazi ya ndege siku hiyo hawatakuja kwa gari.